Corinda, ngeli na mtego wa ‘hu-’: Kujifunza kusoma mawazo kwa Kiswahili

Miongoni mwa wanaojifundisha mazingaombwe, kuna kitabu kimoja ambacho mwanagenzi huambiwa akisome mapema iwezekanavyo. Kinaitwa 13 Steps to Mentalism, nacho ni cha Mwingereza aliyejiita Tony Corinda. Kilitoka kwanza kama vijitabu 13, somo baada ya somo, kisha mwaka wa 1961 vikaunganishwa kuwa kitabu kimoja kinene. Nimekisoma kwa miezi kadhaa sasa, nikijaribu kila somo kwa Kiswahili mbele ya jamaa zangu wavumilivu. Sina nia ya kupanda jukwaani. Kilichonivuta ni lugha. Ukiyaondoa makaratasi, bahasha, penseli na karata zinazokijaza, unabaki na kitabu cha matumizi ya sentensi, na ni kitabu kizuri. Ila mwandishi ameiweka lugha hiyo mahali ambapo mwanagenzi wengi hawafiki, na kuna sehemu zake ambazo zikihamishiwa kwetu zinabadilika uzito.

Tuanze na jina la fani yenyewe. Kiswahili kina mazingaombwe na kiinimacho, maneno yanayomtosha mtu anayetoa njiwa kofiani au kukata kamba na kuiunga. Fani ya Corinda ni jirani wa hayo. Mwonyeshaji wake anakutajia jina la rafiki uliyemwandika kwenye kikaratasi, anatabiri neno utakalolichagua kitabuni, anaeleza kitu ulichoshika ilhali amefungwa kitambaa machoni. Yote ni hila, na Corinda hamfichi mwanafunzi wake hilo. Lakini mtazamaji haoni kidole kikicheza, hivyo hana cha kulaumu. Neno kiinimacho linaishia machoni. Hapa kinachopumbazwa ni wazo. Wapo wanaosema ‘usomaji mawazo’, jina linaloeleza kile mwonyeshaji anachodai kukifanya. Nitalitumia kwa sasa, ingawa lina gharama yake hapa kwetu, nami nitalirudia.

Hatua ya kwanza ya Corinda ni kidude. Ni kipande kidogo cha ncha ya penseli kinachobandikwa kwenye kidole gumba ili mwonyeshaji aandike kwa siri, baada ya mtazamaji kutaja jawabu, kile alichodai amekwisha kukiandika. (Siri hii imechapishwa kwa zaidi ya miaka 60, sidhani ninamkosesha mtu riziki.) Hatua zinazofuata zinahusu kusoma mwendo wa penseli na wa midomo, kukariri, utabiri, kufungwa macho, vikaratasi, vitabu, mawasiliano ya watu wawili, maonyesho ya mizimu, karata, kujibu maswali ya hadhira na mbinu za kujitangaza. Mwishoni kabisa, katika hatua ya 13, ndipo linapokuja somo la maneno na uwasilishaji.

Kwa maoni yangu mpangilio huu ndio kasoro kubwa ya kitabu. Mwanagenzi huanzia ukurasa wa kwanza kama mtu yeyote mwenye adabu, akakaa miezi miwili na kidole gumba. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeniazima nakala yake, alifanya hivyo hivyo. Leo anaandika kwa kidole gumba vizuri kuliko madaktari wanavyoandika kwa mkono mzima. Muulize atasema nini wakati kidole kinaandika, ananyamaza. “Mjomba, si wataona tu jawabu ni sahihi?” Wataona, naam. Ila mtu akinyamaza mbele ya watu kwa sekunde tano, macho yote humshukia mikononi, na mikono ndiyo isiyotakiwa kutazamwa. Maneno ndiyo yanayoyahamisha macho. Mwanafunzi anayechoka katika hatua ya sita, kwenye vikaratasi, anafunga kitabu akiwa na vidole vyepesi na ulimi mzito.

Nimwonee Corinda haki. Aliandikia Waingereza, katika nchi ambayo chama cha wanamazingaombwe cha The Magic Circle kilikuwepo tangu 1905, na ambako mwanagenzi aliweza kuwatazama wakubwa wake wakizungumza jukwaani kabla hajanunua kijitabu. Maneno aliyakuta hewani. Anayejifunza Nakuru au Malindi hana hewa hiyo. Ana kitabu tu. Tena kitabu chenyewe kina wema wa mwalimu: kila hatua inasimama peke yake, na lengo moja hupewa njia nyingi ili mwanafunzi achague inayomfaa. Hakuna anayemlazimisha aanze mwanzo.

Tuje kwenye hatua ya tatu, ya kukariri, inayofurahisha mno ukiigeuza iwe ya Kiswahili. Ulaya kuna utaratibu wa siku nyingi wa kugeuza tarakimu kuwa konsonanti, halafu ukatunga neno: 1 ni t au d, 3 ni m, 7 ni k au g, 8 ni f au v, 9 ni p au b, 0 ni s au z. Irabu hazihesabiwi. Silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu yake, kwa hivyo maneno yanajipanga vizuri ajabu: meza ni 30, pesa ni 90, kiti ni 71. Shida inaletwa na ngeli. Kila nomino inayoanza kwa ki- tayari imekula 7, na kila inayoanza kwa m- imekula 3, hata kabla hujafika kwenye shina. Halafu kuna wingi. Kiti kikiwa kimoja ni 71, vikiwa viwili tu vimeruka hadi 81. Kwa upande mwingine, anayetaka kukariri orodha kwa vina amebahatika, kwa sababu kina chetu hutosheka na silabi ya mwisho. Tatu ina viatu, sita ina vita, kumi ina ngumi, na hata nne, ambayo inaonekana haina rafiki, inapata tone. Mtoto aliyelelewa kwenye mashairi ana mtaji ambao Corinda hakuweza kuufikiria.

Lakini hatua iliyonikalisha ni ya 11, ya kujibu maswali ya watu na kuwasomea tabia zao. Msingi wake ni sentensi ambayo kila anayeisikia hujiona ndani yake. Mwaka wa 1948, mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake peke yake. Kumbe wote walipewa maandishi yale yale, mengi yakitoka kwenye kitabu cha unajimu kilichonunuliwa kibandani. Wakaombwa wapime usahihi wake kwa alama 0 hadi 5, na wastani ukawa 4.26. Anayesoma ukurasa wa nyota kila asubuhi hahitaji utafiti zaidi.

Mwonyeshaji wa Kiingereza ana kikwazo hapa. Akitaka kumzungumzia mtu aliye maishani mwako, lugha inamsukuma aseme ni mwanamume au mwanamke, na akikosea ameumbuka. Sisi tuna ‘a-’, na ‘yeye’, na ‘m-’ ya katikati ya kitenzi, nazo hazisemi kitu. “Namwona mtu, yuko mbali kidogo, anakuwaza, mliachana mkiwa na jambo hamkulimaliza.” Sentensi nzima imepita na hakuna anayejua ni kaka au ni mchumba. Tuna ndugu, neno linalobeba kaka, dada, binamu na hata mtu wa kijijini kwenu. Tuna jamaa. Tuna mwenzako. Tuna jambo, neno ambalo lingefaa kujengewa mnara na wote wanaoishi kwa kubahatisha.

Na juu ya yote tuna ‘hu-’. Walimu wa Kiswahili wanajua kwamba kiambishi hiki kina kazi mbili zisizohusiana. Kinaonyesha mazoea: Juma husoma usiku. Pia kinakanusha katika nafsi ya pili umoja: wewe husomi. Kwa vitenzi vya asili ya Kibantu hakuna utata, kwa sababu ukanushaji hubadilisha irabu ya mwisho: husoma ni mazoea, husomi ni kukana. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu, vinavyoishia kwa -i, -e au -u, havibadiliki. Basi hebu msikilize mtu anayekutazama machoni akikuambia polepole: “Wewe husamehe upesi.” Je, amesema una tabia ya kusamehe upesi, au amesema wewe si mwepesi wa kusamehe? Sarufi inakubali yote mawili, na mkazo wa sauti uko pale pale. “Wewe huamini watu.” “Wewe husahau mtu aliyekukosea.” “Wewe husafiri sana.” Msikilizaji huchukua maana inayomfaa, akatikisa kichwa kwa mshangao, na mwonyeshaji anasoma kichwa hicho ndipo aendelee. Nilijaribu sentensi ya kwanza kwa majirani wawili, mmoja mpole, mwingine mtu wa vinyongo vya miaka. Wote wawili waliniambia nimewapata.

Waandishi wa Kiingereza wa fani hii hutumia kurasa nyingi kufundisha swali la kukana, lile ambalo jibu la ndiyo na la hapana yote mawili hugeuzwa ushindi. Sisi tumepewa kitu hicho bure, kwenye silabi moja.

Hapa ndipo raha ya sarufi inapoanza kunitia wasiwasi. Tazama nguzo za umeme na kuta za vituo vya matatu katika mji wowote wa Kenya. Utakuta kibango kilichoandikwa kwa mkono: mganga kutoka mahali fulani mbali, mapenzi, kesi, biashara, mali iliyoibwa, na nambari ya simu. Anayepiga simu hiyo hakutani na kidole gumba wala karata. Anakutana na sentensi za hatua ya 11, zilizonolewa na watu ambao hawakuhitaji Corinda. “Kuna mtu wa karibu yako, anakuonea wivu.” Mtu huyo hana jina wala jinsia. Msikilizaji mwenye mtoto mgonjwa ndiye anayemjazia jina: mke mwenza, mama mkwe, mjane wa boma la jirani. Kisii na Kilifi kuna wazee waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi, na tuhuma ya aina hiyo yaweza kuanza na kiwakilishi kisichomtaja mtu. Ile ‘a-’ niliyoisifu punde hivi, isiyosema ni nani, yaweza kumwangukia bibi kizee aliyekuwa akianika mahindi.

Kenya ina Sheria ya Uchawi ya tangu 1925, lakini sioni ni vipi sheria itaishughulikia sentensi yenye maana mbili. Na si kwetu tu ambako hila za jukwaani zimehamia kwenye imani za watu. Mnamo 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mwanamazingaombwe wake mashuhuri, Jean-Eugène Robert-Houdin, akawaonyeshe wenyeji kwamba nguvu za Wafaransa zinazishinda za viongozi wao wa dini. Hakwenda kuburudisha. Hila ni ile ile aliyoionyesha Paris. Kilichobadilika ni kile alichoruhusu hadhira iamini.

Ugomvi wangu na Corinda uko hapo. Kitabu chake kinaweka mizimu katika hatua ya tisa, karata katika ya kumi na maswali ya watu katika ya 11, kama vyakula katika orodha ya mkahawa. Pengine kwenye ukumbi wa Uingereza wa enzi hiyo, watu wakiwa wamelipa tiketi na wamevaa suti, uzito wake haukutofautiana sana. Kwa anayejifunza Kiswahili cha fani hii, unatofautiana kabisa. Karata ikikosewa, watu wanacheka. Msomewaji tabia akiambiwa neno, analala nalo.

Ndiyo maana jina lina uzito. Anayejitangaza kuwa msomaji mawazo amesimama hatua mbili kutoka kwa mpiga ramli, na hadhira yetu itaimaliza safari hiyo kwa niaba yake. Naonelea tulinyooshe neno tulilo nalo tuseme kiinimacho cha mawazo. Ni refu na halipendezi kwenye bango. Hata hivyo linakiri hila kwenye jina lenyewe, na aliyelipa kiingilio anajua amelipia nini. Wapo watakaosema hilo linaua mvuto. Sikubaliani. Watoto wanaposema kitendawili wanajua wazi kwamba wanategwa, na bado wanaitika ‘tega’ kwa sauti ya juu.

Kwa mwanagenzi anayeuliza aanzie wapi, basi, jibu langu ni kwamba aruke kidole gumba, asome hatua ya 13 kwanza ili ajue atasema nini, kisha aingie moja kwa moja hatua ya nane. Hii ni ya watu wawili. Mmoja anazunguka kwenye hadhira akishika vitu vya watu, mwingine amefungwa macho na anavitaja. Hakuna anayeguswa maisha yake. Kinachoguswa ni leso. Robert-Houdin huyo huyo aliufanya mchezo wa namna hii na mwanawe Émile, Paris, mwaka wa 1846, na baada yake wakafuata wengi waliotumia mafumbo ya maneno: namna swali linavyoulizwa ndiyo inayobeba jibu.

Kwa kazi hiyo Kiswahili kimejaliwa. Kwanza kina vineno ambavyo hakuna anayevisikiliza: haya, hebu, sasa, je, basi, ehe, naam. Kila kimoja chaweza kupewa kitu chake, na hadhira itadhani ni kawaida ya kuzungumza. Pili kuna ngeli, na hapa ndipo nilipocheka peke yangu usiku. Ukiuliza “Hiki ni nini?” umekwisha kumwambia mwenzako kwamba kitu kiko katika ngeli ya KI-VI: kitambulisho, kitana, kitabu, kiberiti. Ukiuliza “Huu ni nini?” anajua ni mkoba, mkufu, mkanda au ufunguo. “Hili” linamletea koti au jiwe. Nusu ya kazi imefanywa na kiashiria, mbele ya watu wote, na hakuna atakayeshuku kwa sababu sarufi sahihi haimshtui mtu.

Haimshtui, lakini inategemea mtu yuko wapi. Mbinu hii ingefaulu Lamu. Nairobi, ambako watu husema hii kitabu, hii mti, hii koti, mwonyeshaji akianza ghafla kutamka “huu” na “hili” kwa ufasaha, vijana watageuka wamtazame. Huenda ndiyo mara ya kwanza sarufi sanifu itashukiwa kuwa hila. Mpwa wangu anaona afadhali tuigeuze: “hii” iwe ya kila kitu, kisha ufasaha utokee mara moja moja, pale tu panapohitajika. Sijashawishika, ila ni wazo la mtu anayeanza kuusikia ulimi wake.

Tatizo gumu zaidi tuligundua sebuleni kwa dada yangu. Tulimfunga mpwa wangu macho, tukawaomba wageni watoe chochote walicho nacho. Ilikuja simu. Ikaja saa. Ikafuata kalamu, pete, leso, noti ya shilingi 200, kadi ya benki, miwani. Vitu vyote hivyo ni hii, hii, hii. Waswahili walipozipanga ngeli zao, inaelekea karibu kila kitu kinachoingia mfukoni kilitupwa I-ZI, na ngeli iliyotusaidia kwenye kitana haina la kusema juu ya simu. Tumerudi kwenye vile vineno vidogo. Simu imepewa haya, saa hebu, pete je, leso basi, kalamu sasa, noti ehe, kadi naam. Miwani bado haijapata neno lake.